Matibabu ya moyo: mashini peke yake haitaokoa wagonjwa wa mashariki mwa Kongo

Mgonjwa wa moyo wa Goma, Bukavu ao Butembo anapoambiwa kwamba anahitaji kuingiziwa kateta, mara nyingi jibu ni safari: Kampala, Kigali, Nairobi ao India. Jamaa inauza kiwanja, inakopa, inachangisha kanisani. Asiye na kitu cha kuuza anabaki nyumbani na vidonge vyake.

Lakini ufundi huu si wa jana. Mwaka wa 1929, mjini Eberswalde, Ujerumani, munganga kijana Werner Forssmann alijiingizia mpira mwembamba katika mshipa wa mkono, sentimita 65, kisha akatembea mpaka chumba cha radio. Picha ilionyesha ncha yake ndani ya moyo. Mkuu wake alikuwa amemkataza. Mwaka wa 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards.

Leo kateta hupitishwa katika mshipa wa kinena ao wa mkono. Munganga anaifuata kwa picha ya radio, anapima nguvu ya damu ndani ya moyo, anazibua mshipa, ao anapanua kwa puto mlango wa moyo uliokazwa na homa ya rumatisimu. Kifua hakipasuliwi.

Basi wakaaji wasiridhike na ahadi ya mashini. Bila umeme usiokatika, bila vifaa vya kuagizwa kila mara, bila wanganga na wauguzi waliozoea kazi hiyo, mashini ni pambo. Inchi jirani zimeonyesha njia: Taasisi ya Moyo ya Uganda, huko Mulago, na ile ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni za umma na zinafanya kazi hii. Serikali itume vijana wa Kivu na Ituri wajifunze huko, na iwahakikishie mshahara watakaporudi.

Tena kuna kazi isiyongoja mashini. Homa ya rumatisimu huanza na maumivu ya koo ya mtoto yasiyotibiwa, na penisilini, dawa ya bei ndogo, huizuia. Kituo cha afya kinachokosa penisilini leo kinatayarisha mgonjwa wa kesho, ambaye jamaa yake itauza kiwanja.