Askari akirudi kutoka vitani, nani anamsikiliza?



Kila mara vita inapokuwa kali upande wa Kivu, tunaona wanajeshi wakipita Kisangani kuelekea huko. Tunatoa telefone, tunapiga video, tunaandika: "Watoto wetu, Mungu awalinde." Wakirudi, hakuna video. Mmoja anarudi bila mguu. Mwingine yuko mzima wa mwili, lakini usiku anapiga kelele na watoto wanakimbilia nje. Na kuna asiyerudi. Mke wake anamaliza matanga, kisha anaanza kuulizwa ni lini ataacha nyumba ya kambi.

Sisi vijana wa mji huu tunasema wazi: Kisangani inahitaji mahali pa kusikiliza wanajeshi waliotoka vitani, wastaafu, wajane na watoto wao. Na watu wa kufanya ile kazi wako. Wamekaa nyumbani na diploma zao.

Tuangalie kwanza mji wetu. Camp Ketele na Camp Base ni majirani zetu. Watu wanaoishi humo, pamoja na wale waliotoka humo kwenda kupanga Mangobo, Kabondo au Lubunga, wamepitia vita mingi. Kuna mzee aliyekuwa askari wa Mobutu. Kuna kadogo aliyechukuliwa mwaka 1997 wakati AFDL ilipoingia Kisangani. Alikuwa mtoto wa shule, leo ana mvi. Kuna aliyekuwa RCD-Goma, kisha akapita brasaje: brigedi ya kwanza ya jeshi lililochanganywa ilifundishwa hapahapa mwaka 2004, na Wabelgiji. Na kuna sisi raia, ambao wazazi wetu walijificha chini ya vitanda siku sita za Juni 2000, wakati Rwanda na Uganda walipopigania mji ambao si wao. Kwenye avenue moja utakuta aliyepiga risasi na aliyezikimbia. Wote wawili hawalali vizuri, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Leta ilipojaribu kusaidia, ilihesabu feza. Wakati wa CONADER, aliyeacha silaha alipewa dola 110 za kutokea, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Wengine walinunua kinga wakafanya toleka. Mwaka ukaisha, feza ikaisha, lakini ndoto mbaya zikaendelea. Tarehe 4 Julai 2021 ikaja P-DDRCS, na yenyewe inaangalia wale wanaotoka katika vikundi vya silaha. Mwanajeshi wa FARDC aliyestaafu, au mjane wake, hapo hana kiti. Yeye anaambiwa aitegemee sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hali ya mwanajeshi. Sheria iko. Faili inakwenda Kinshasa, mama anangoja, watoto wanafukuzwa shule. Hata siku ile pensheni itakapofika, haitamfundisha namna ya kuishi na mume anayeruka akisikia mlango umefungwa kwa nguvu.

Tunajua kinachofanyika ndani ya nyumba, kwa sababu ukuta ni mmoja. Baba anakunywa lotoko mchana. Anapiga mtoto kwa jambo dogo, kisha analia peke yake. Majirani wanasema: "Ule papa kichwa yake haiko muzuri." Familia inampeleka kwenye chumba cha maombi, wanasema ni pepo. Mama ananyamaza kwa haya, na kwa woga pia: nani atakwenda kushitaki mume wake kwa mkubwa wake wa kazi, na kesho mshahara ukatwe?

Sasa wengine wenu mtasema: "Juu gani tuwahurumie? Si wao wanaotutoza kwenye barrière?" Tunalisikia hilo, na hatulifichi. Mwaka 2010 Wamarekani walifundisha batayo ya 391 hapa kwetu, Camp Base. Novemba 2012, jeshi lilipokimbia kutoka Goma, wanajeshi wa batayo ile walikuwa kati ya wale walioshitakiwa kwa kubaka wanawake wa Minova. Mei 2014 mahakama ya kijeshi ilitoa hukumu: kati ya washitakiwa 39, ni wawili tu waliopatikana na kosa la ubakaji. Wale mama wa Minova bado wanadai haki, na sisi tunadai pamoja nao. Vita haimpi mtu ruhusa ya kubaka. Kusikiliza mtu hakufuti kosa lake, na aliyetenda uovu aende mbele ya jaji. Lakini wengi hawakubaka mtu, na mtoto wa askari hakutenda lolote. Tena askari anayerudishwa vitani mara tano na kichwa kilichojaa maiti, bila mtu wa kumsemesha, ni hatari kwake, kwa mke wake na kwetu sote.

Watu wanafikiri ile kazi inahitaji madaktari wa akili wengi na hospitali kubwa. Mifano iko karibu. Katika Kivu, zaidi ya wanawake 400 waliotendewa jeuri waliingia katika utafiti uliotangazwa mwaka 2013. Waliosaidiwa kwa vikao vya kikundi walipata nafuu kubwa, na walioongoza vile vikao walikuwa Wakongomani wa hapohapo, waliofundishwa kwa muda mfupi na kusimamiwa vizuri. Kule Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amefundisha mabibi wa mtaa kuketi kwenye benchi na kusikiliza wenye mawazo mengi. Benchi! Hata Leta yetu haiwezi kusema haina feza ya benchi.

Na sisi tuko na kitu ambacho miji mingine haina. Tangu wakati wa UNAZA, mwaka 1971, Kisangani ndio nyumba ya saikolojia katika inchi hii. Kila mwaka UNIKIS inatoa wenye lisansi wa saikolojia, na wengi wao wanauza unite za telefone. Tunawajua, tuko kati yao. Upande mmoja watu wanaokosa msikilizaji, upande mwingine wasikilizaji wanaokosa kazi, na katikati ni safari ya toleka tu.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, serikali ya jimbo la Tshopo ifungue mahali pa kusikiliza katika kila moja ya kamuni zetu sita. Pawe nje ya kambi, kwa sababu mjane hatasema ukweli mlangoni kwa komanda.

Pili, wawekwe humo vijana wenye lisansi pamoja na wajane wazee wa kambi wanaoheshimiwa. Wafundishwe, wasimamiwe na UNIKIS, walipwe kila mwezi hata kidogo. Wagonjwa wazito wapelekwe kwenye kliniki za chuo.

Tatu, yanayosemwa pale yabaki pale. Yasiingie katika faili ya jeshi.

Nne, jeshi lisitoe mjane katika nyumba kabla haki yake iliyoandikwa katika sheria haijalipwa.

Tusingoje Leta peke yake. Kila kamuni iko na shule au parokia yenye chumba kitupu mchana wa Jumamosi, na mwenye lisansi wa saikolojia asiye na kazi. Ombeni kile chumba. Mwenye kusoma saikolojia ajitoe masaa mawili. Wewe uliye jirani wa kambi, nenda kwa yule mama ambaye matanga yake yamekwisha, umuulize hali yake, kisha ukae usikilize mpaka amalize.