WATI 100 ZA KUPIGIA PICHA: BOSI WA BENDI KARATU KACHEMKA, DOGO WA SOLO NDIYE KATEMWA!

Moto unawaka Karatu, wadau. Bosi wa bendi moja (jina kapuni) inayopigia wageni kwenye loji za njia ya Ngorongoro kamtema mpiga solo wake, wiki mbili tu baada ya kushusha amplifaya mpya. Sababu aliyotoa? Eti dogo "hajui kutoa sauti". Kijiweni wengi wameimeza stori hiyo nzima nzima bila kutafuna.

Ukweli mchungu ni huu: dogo hana kosa. Kosa ni la ile amplifaya, na la aliyeichagua.

Kwanza, mkwanja ule haukuwa wa bosi peke yake. Kilikuwa kibubu cha bendi. Tangu wageni waanze kumiminika mwezi Juni, kila mwanamuziki alikuwa anakatwa kidogo kwenye malipo ya kila shoo ili vinunuliwe vyombo. Dogo alisema mapema kabisa: ichukuliwe amplifaya ndogo ya valvu, wati 15 hivi, chenji inayobaki iongezee spika za waimbaji. Bosi akaona huo ushamba. Akateremka Arusha, akarudi na kichwa cha wati 100 na kabati la spika nne, kubwa kama friji. Picha ikapanda Insta siku hiyohiyo, miwani usoni, mkono juu ya kabati. Laiki zikamwagika. Tangu siku hiyo bendi haijasikika vizuri hata usiku mmoja.

Kwa wasiojua, amplifaya ya valvu ni ile yenye vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama balbu, kama redio za mababu. Wapiga gitaa wanaipenda kwa tabia yake. Ukiifungua kidogo inatoa sauti safi. Ukiisukuma mpaka mwisho wa nguvu zake, valvu zinaelemewa na sauti inaanza kukwaruza kwa utamu, ile ambayo vijana wanaiita distoshen. Sasa hapo ndipo bosi alipopotea. Wati 100 hazielemewi kirahisi. Kile kichwa ni cha mtindo wa zamani, volyumu ni moja tu, hakina kitufe cha pili cha kubana sauti inayotoka. Ili kikwaruze, lazima glasi zicheze mezani. Wati 15 zinafika hukohuko mapema, masikio ya watu yakiwa salama.

Halafu kuna hesabu ambayo wapenda sifa hawaijui. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke kama mara 10. Yaani kwa spika zilezile, wati 100 hazifiki hata mara mbili ya kelele za wati 15. Bosi kalipia ukubwa wa kabati, basi.

Sasa mpeleke huyo mnyama loji. Mgeni wa Karatu analala mapema, kwa sababu geti la Lodoare linafunguliwa saa 12 asubuhi na kila mtu anataka kuwahi kushuka kreta. Bendi ikianza tu, meneja anakuja kupunga mkono: shusheni! Volyumu inarudi kwenye moja. Hapo sauti inakuwa nyembamba, haina mwili. Bosi naye huku pembeni anamkaripia dogo, "Ikwaruze! Ikwaruze!" Ikwaruze na nini? Hata Jimi Hendrix angefufuka, kwenye volyumu moja asingeitoa.

Na hiyo bendi inapiga muziki gani kwani? Zilipendwa na rumba! Muziki wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, muziki wa Mlimani Park walioanza mwaka 1978. Mle magitaa yanajibizana: solo inauliza, second solo inajibu, rizimu inashikilia. Kila noti inatakiwa isikike peke yake kama tone la maji kwenye sufuria. Ukichafua gitaa moja, yote yanamezana. Huo muziki unataka sauti safi.

Kama ni sauti safi, njia zipo. Fender Twin Reverb iko sokoni tangu 1963, wati 85, inabaki safi hata ikipanda sana, ila ni nzito kama gunia. Vox AC30 ina wati 30, inang'aa, The Beatles waliitumia. Roland Jazz Chorus ya 1975 haina valvu hata moja, ni transista tupu, na kwa usafi wa sauti inaheshimika dunia nzima. Akitokea mgeni anaomba rock, pedali ndogo miguuni inamaliza kazi. Marshall, walioanza London mwaka 1962, ndio wafalme wa kukwaruza, na hakuna anayewabishia. Lakini wati 100 za aina hiyo ni za jukwaa kubwa, siyo za pembeni ya meza ya supu.

Watetezi wa bosi wanauliza, vipi harusi za uwanjani? Hapo wana hoja kidogo, kwa sababu sauti safi sehemu ya wazi inataka wati nyingi. Ila dawa yake ni maiki mbele ya amplifaya ndogo, sauti iende kwenye spika kubwa. Na hizo spika ndizo dogo alizokuwa anaziombea hela!

Bado umeme. Jamaa mmoja wa kwaya (naye jina kapuni) aliletewa mtumba wa Marekani wa volti 120, akauchomeka kwenye 230 zetu bila transfoma ya kushusha. Moshi ulitoka kabla ya pambio la kwanza. Na valvu zinachakaa, tena safari za barabara mbovu zinazitikisa. Ikifa moja katikati ya msimu, bosi ataikuta duka gani pale Karatu?

Bosi auze hilo friji lake. Anunue kinacholingana na kazi, awaonyeshe wenzake hesabu ya kibubu, na amrudishe dogo kwa heshima. Kijana aliyekatwa jasho lake miezi yote hiyo hawezi kufukuzwa kwa kosa la mtu aliyetaka kupiga picha.

Haya wadau, nani kachemka hapo, bosi au dogo? Tupieni maoni hapo chini. Matusi hapana.