Karo ya Mjukuu si Hiba

Miongoni mwa kodi zitozwazo nchini Marekani ipo moja ambayo mfasiri mwenye pupa huiita "kodi ya zawadi". Tafsiri hiyo haina kosa la kisarufi, lakini ina hatari. Zawadi kwa Mswahili ni kanga ya Idi, ni kuku apewaye mgeni anapoaga, ni saa ya mkononi avishwayo kijana aliyefuzu. Nyanya wa Kikenya aliyehamia Marekani kuishi na wanawe, mwenye akiba anayotaka kumsomeshea mjukuu, akisikia kwamba zawadi hutozwa kodi atashika tama. Je, alipe karo au aache? Na mjukuu akisha kupokea, atadaiwa na serikali?

Sheria yenyewe haina ukali huo. Tangu mageuzi ya mwaka 1981, karo ambayo mtu humlipia mwingine moja kwa moja chuoni haihesabiwi kuwa utoaji wa mali, iwe kubwa kiasi gani. Hata ile kodi nyingine inayomwandama mwenye kuwaruka wanawe na kuwapa wajukuu mali haiigusi karo hiyo. Sharti ni kwamba fedha zipokewe na chuo. Nyanya akimkabidhi mjukuu hundi ili akajilipie mwenyewe, hata kama kila senti itamfikia mhasibu wa chuo, sheria itasema kwamba mjukuu amepewa mali. Isitoshe, karo ni karo tu: vitabu, chakula na malazi havimo. Hapa sheria imebana mno, maana hakuna mwanafunzi asomaye kwa karo pekee.

Kwa hayo yaliyoachwa nje kipo kiwango cha mwaka, nacho ni dola 19,000 kwa kila mpokeaji katika mwaka 2026. Anayekipita hulazimika kujaza fomu, wala si lazima alipe chochote, kwani ziada hukatwa katika msamaha wa maisha ambao tangu Januari 2026 ni dola milioni 15. Ni nyanya wangapi wenye mali hiyo? Na hata kodi ikidaiwa, mdaiwa kwa kawaida ni mtoaji, si mjukuu. Ila nyanya asitarajie kupunguziwa kodi yake ya mapato kwa sababu amelipa karo. Nafuu hiyo, pale inapopatikana, aghalabu humwendea mzazi anayemhesabu mwanafunzi kuwa tegemezi wake.

Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi na fikra ya sheria hiyo, nalo ni hiba. Katika sheria ya Kiislamu, ambamo Waswahili wamelitumia kwa karne nyingi, hiba ni mali anayoitoa mtu akiwa hai, pasi na malipo, na ambayo hutimia mpokeaji anapoitwaa. Kipengele cha kuitwaa ndicho kiini cha jambo. Mjukuu aliyelipiwa karo chuoni hakutwaa kitu mkononi. Aliyeshika hundi ametwaa. Anayesema "kodi ya hiba" humwonyesha msikilizaji mali inayohama kutoka mikono hadi mikono, ilhali anayesema "kodi ya zawadi" humwonyesha kanga.

Yamkini wapo watakaodai kwamba neno hiba ni la pwani na kwamba mtu wa bara halijui. Dai hilo si geni. Limetolewa dhidi ya istilahi nyingi ambazo leo hutumiwa na kila mwanafunzi. Kenya haitozi kodi ya pekee juu ya hiba, na ushuru wa mali ya marehemu ulifutwa mwaka 1982, kwa hiyo msomaji wa Kenya hana mazoea ya kuyajadili mambo haya kwa lugha yoyote. Neno lisilo na mazoea hufunzwa kwa urahisi kuliko neno lenye mazoea mabaya.

Idara za Kiswahili hufundisha tafsiri kwa mashairi na hotuba, na ni vyema. Lakini karatasi za kodi hazina budi kuingia darasani pia, kwa kuwa wapo wazee wanaozisoma kwa kuwategemea wajukuu wenyewe kuwa wakalimani. Mkalimani wa miaka kumi na minane akikosa neno, nyanya ataandika hundi kwa jina la mjukuu badala ya jina la chuo.