Usimwue Kalunguyeye

Ndugu mkulima, usiku ukisikia kitu kinachakura majani nyuma ya nyumba, usikimbilie fimbo. Washa taa utazame. Huenda ni kalunguyeye.

Wengi humchanganya na nungunungu. Nungunungu ni mkubwa, na hula mihogo na mahindi yetu. Kalunguyeye ana urefu wa kama sentimeta 20 tu. Ana miiba mifupi, na akiguswa hujikunja kama mpira. Yeye hula mchwa, mende, viwavi na konokono. Basi kosa lake ni nini?

Hapa Ziba nilimkuta mmoja amekufa kando ya pamba iliyopigwa dawa. Nadhani alikula wadudu wenye sumu. Nilisikitika, maana dawa ile mimi ndiye niliyeshauri ipigwe.

Ukitaka aje bustanini, acha rundo la majani makavu pembeni. Mchana hulala humo, kwa hiyo usilichome moto kabla ya kulipekua. Kiangazi mwekee kumbikumbi au yai la kuchemsha. Usimpe maziwa, yatamharisha. Mwekee maji katika chombo kifupi. Mimi hutumia mfuniko wa sufuria kuukuu, chini ya mpapai.