Kabichi ya Nane Nane Imekula Shilingi Ngapi?

Kila Agosti viwanja vya Themi hapa Njiro vinatuonesha kabichi zisizokumbatika, migomba iliyolemewa na mikungu na ng'ombe wa maziwa anayetembea kwa shida kwa uzito wa kiwele. Kila kitu kina kibao chake: zao gani, mbegu gani, halmashauri gani au kampuni gani. Kilichotumika kukifikisha hapo, kwa shilingi, hakiandikwi. Mimi ni mtunza hesabu wa SACCOS moja hapa Arusha, na mezani kwetu mapato yasiyo na matumizi hayaitwi hesabu. Sioni kwa nini maonesho ya wakulima ya Kanda ya Kaskazini yasamehewe.

Ugomvi na Nane Nane sina. Kwetu ni siku ya familia kama ilivyo Krismasi. Mama yangu anashuka kutoka Nkoaranga na kitenge chake kizuri, mume wangu anafunga duka, watoto wanaamka kabla hawajaamshwa, halafu tunabanana wote kwenye kifodi cha Njiro. Asubuhi ni baridi ya Agosti, mlima Meru umejifunika mawingu na watu wamevaa masweta. Ikifika saa saba jua limetoka, vumbi limepanda na masweta yote yako mkononi mwangu. Getini kuna maputo, ubuyu na karanga, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti anauza chupa inayotibu minyoo, meno na mgongo kwa mkupuo. Ndani kuna mabembea, ngamia wa kupanda kwa kulipia, wanajeshi wa JKT na mbogamboga zao, nyama choma na ndizi za kuchoma. Siku haijawahi kuisha bila mama kununua sufuria.

Kuna wanaolalamika kwamba Nane Nane imegeuka gulio, kwamba wauza sufuria na mitumba wafukuzwe ili wabaki wakulima na wataalamu tu. Mimi simo. Mabembea ndiyo yanayowavuta wajukuu, na wajukuu ndio wanaomvuta bibi. Ukiyaondoa, mama yangu atabaki Nkoaranga, na mtaalamu atabaki akimweleza mtaalamu mwenzake habari za kabichi. Bibi akishafika, lakini, aambiwe kitu kamili.

Mwaka jana tulisimama kwenye kipando cha taasisi moja ambayo sitaitaja, maana ingeweza kuwa yoyote. Kijana wa hapo alikuwa na adabu zake. Akaamkia, mama akaitikia marahaba, kisha akainama akaipapasa kabichi kama anapima joto la mtoto.

"Mwanangu, hii umeilisha nini?"

"Samadi ya kutosha, bibi. Halafu mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na dawa kwa ratiba."

"Na maji?"

"Ya matone." Akamwonesha mipira myeusi iliyolala kwenye matuta.

"Yanatoka wapi?"

"Kwenye tenki lile."

"Tenki la nani?"

"La taasisi, bibi."

"Haya. Sasa mpaka kufika hapa imekula shilingi ngapi?"

Kijana akaitazama kabichi, akanitazama mimi, akasema mambo ya fedha yako kwa mwenzake ofisini. Akampa mama kipeperushi. Nilikisoma chote wakati watoto wakiwa kwenye bembea. Kilikuwa na nafasi za kupandia, kiasi cha mbolea, picha za wadudu, siku za kukomaa na namba ya simu. Alama ya shilingi haikuwemo hata mahali pamoja.

Simlaumu yule kijana. Amefundishwa kukuza na ameajiriwa aeleze namna ya kukuza, na kazi hiyo aliifanya vizuri. Lakini swali la mama ndilo swali pekee ambalo mkulima wa ekari nusu hawezi kuliruka, na hakuna aliyepangiwa kulijibu.

Tuchukue maji peke yake. Ekari ni kama mita za mraba 4,047. Kabichi zikipandwa kwa sentimita 60 kwa 45, ekari inabeba miche karibu 15,000. Tuseme kila mche unakunywa lita moja tu kwa siku. Hizo ni lita 15,000, yaani madumu 750 ya lita 20. Ukishuka hadi robo ekari bado una madumu yasiyopungua 187, kila siku ya kiangazi. Mama yangu anatumia maji ya mfereji, na mfereji una zamu. Zamu ikimwangukia usiku anatoka na tochi na jembe, na wakati wa ukame zamu yenyewe inachelewa kurudi. Tenki, mipira na pampu ya Themi vina bei, na kwa mtu wa kihamba, shamba dogo la urithi linalozunguka nyumba, bei hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko mbegu, mbolea na dawa vikijumlishwa. Kipeperushi kiliandika "mwagilia vya kutosha".

Kinachofuata ninakiona kazini. Msimu wa maonesho ukipita, fomu za mikopo zinaanza kuingia. Uliwahi kupita upepo wa kware, wakati yai lake dogo lenye madoa lilisemekana kutibu kila kitu, na kila mwenye uani alitaka banda. Ukaja wa sungura, ukaja wa papai fupi, sasa ni parachichi aina ya Hass. Upande wa mapato umejazwa kwa hati nzuri: idadi mara bei, jumla imepigiwa mstari. Upande wa matumizi unakuta "mbegu, mbolea n.k." Hiyo n.k. ndiyo inayokuja kuuza ng'ombe wa watu. Mche wa parachichi uliounganishwa unahitaji kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa cha maana, na mkopo wetu wa kawaida unaanza kurejeshwa mwezi unaofuata. Mkulima analigundua hilo akiwa ameshakaa mbele yangu, miche ameshailipia malipo ya awali.

Na dhamana anayoileta mara nyingi ni kihamba. Huku Meru ardhi si kitu cha kuchezea kamari. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata Japhet Kirilo akasafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Wajukuu wa watu hao leo wamegawana vipande vinavyozidi kupungua kila baba anapogawia wanawe. Kumshawishi mtu wa namna hiyo aweke kipande chake rehani kwa uzuri wa kabichi, bila kumtajia imekula kiasi gani, si haki.

Kuna jambo la pili, nalo halisemwi sana. Maonesho yasiyotaja gharama yanaipendelea teknolojia ya gharama. Karibu yetu tuna hazina ya utafiti ambayo mikoa mingi haina. Kituo cha utafiti cha Tengeru kilitoa nyanya za Tanya na Tengeru 97. Kile cha Selian kilitoa maharage ya Selian 94 na Selian 97. Kituo cha Dunia cha Mbogamboga kiko pale Duluti, na kimehangaika miaka mingi na mnafu, mchicha na ngogwe. Mbegu nyingi za namna hii mkulima anaweza kujiwekea mwenyewe, akichagua vizuri na kukausha vizuri, akapanda tena msimu ujao. Kwa mbegu chotara anarudi dukani kila msimu, maana akijiwekea hazitamzalia sawasawa. Chotara si mbaya; kwa mwenye maji na soko la uhakika inaweza kumlipa kuliko zote. Ila ukizipanga kipando kwa kipando bila bei, jicho litakimbilia tunda kubwa, na mnafu, ambao hauna sura ya kupigiwa picha, utapitwa. Ukiweka bei, mnafu unaingia kwenye mashindano: unavunwa na kuchipua tena, mahitaji yake ni madogo na mteja wake yupo pale pale kijijini.

La tatu ni nani anayesimama penye kipando. Wenzetu Marekani wana maonesho ya majimbo tangu yale ya kwanza ya New York, yaliyofanyika Syracuse mwaka 1841. Na wao wana mabembea na mikaango ya kila namna. Kule Iowa wanachonga ng'ombe wa siagi tangu mwaka 1911, na sidhani kama kuna aliyejifunza ufugaji kwake. Ila kwenye mashindano yao ya mifugo, kamba ya ndama mara nyingi inashikwa na mtoto aliyemlisha mwenyewe, na ukimuuliza amekula nini anajua. Kwetu mara nyingi aliyelima kipando ni taasisi, na mkulima ndiye mgeni. Ng'ombe yule wa kiwele kikubwa anasimama na mtaalamu aliyevaa koti jeupe, wakati mama wa Akheri au Poli anayemkatia wa kwake majani kila alfajiri yuko nje ya kamba, anapiga picha kwa simu.

Ya kwamba bei inaijua njia ya kwenda vijijini, tunalo jaribio tayari. Tarehe 8 Agosti 2022, kilele cha Nane Nane kule Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku. Katika yote yaliyosemwa siku hiyo, kilichofika Nkoaranga ni tarakimu moja: mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea, shilingi 70,000. Mama yangu, ambaye hajawahi kunisomea kipeperushi hata kimoja, alinitajia bei hiyo kabla sijamuuliza. Mkulima anakariri shilingi kwa sababu ndizo anazopangia.

Nitaambiwa bei hubadilika. Kweli, ndiyo maana risiti ina tarehe. Na kibao kiwe nayo. Nitaambiwa mkulima wa Karatu si wa Meru, wala wa Babati si wa Same. Kweli pia, lakini banda la kila halmashauri lipo pale pale Themi, basi kila moja liandike kwa bei za kwao. Nitaambiwa kampuni zitapunguza tarakimu ili bidhaa zao zionekane rahisi. Zitajaribu. Lakini tarakimu ikishaandikwa ubaoni, wakulima elfu wanaopita hapo wataibishia, na ubishi huo una faida kuliko kipaza sauti chochote. Ukimya ndio usiobishika.

Ninachoomba ni kibao cha mistari mitano kwa kila kipando: mbegu au miche, samadi na mbolea, dawa, maji pamoja na vifaa vyake, vibarua. Nguvu za familia nazo zihesabiwe kama kibarua, maana mgongo wa mama hautolewi bure na Mungu kila asubuhi. Chini yake jumla kwa ekari na kwa robo ekari. Chini ya jumla, bei ya zao hilo siku ya soko Tengeru na bei yake soko la Kilombero hapa Arusha mjini. Kwa ng'ombe iwe hivyo hivyo: pumba, majani, chumvi, dawa, kupandisha, na lita inauzwaje. Hayo yote yanaenea kwenye ubao mmoja wa mbao na kopo dogo la rangi. Na penye kipando asimame mkulima mmoja aliyejaribu jambo lile shambani kwake, alipwe posho ya siku, awajibu wenzake kwa lugha yao.

Waandaaji wana fimbo ya kulifanya hili litokee: vikombe. Kila mwaka mabanda yanashindanishwa na washindi wanapanda jukwaani. Kipando kisicho na kibao cha gharama kisipewe alama, hata kabichi yake ikihitaji toroli. Na kamati itangaze sharti hilo mapema, kwa sababu vipando vya Agosti huandaliwa miezi kabla, na daftari la gharama lisipofunguliwa siku mbegu inapoingia ardhini, wiki ya maonesho watu wataandika za kubuni. Sisi wa SACCOS tuna sehemu yetu: fomu za mkopo wa kilimo zichapwe na mistari hiyo hiyo mitano, ili anayetoka Themi na tarakimu zake aje kuzijaza moja kwa moja, na asiye nazo arudi kwanza akaziulize.