Nani Amewaita Wavivu?



Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 5, Waisraeli walipoomba siku chache za kwenda kumwabudu Mungu wao, Farao aliwaita wavivu. Kisha akawanyima majani ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, na idadi ya matofali isipungue. Tunaanza na habari hiyo kwa sababu tumechoka kuusikia wimbo uleule katika mikutano ya hadhara, katika semina za maendeleo na, tukiri, katika mahubiri yetu wenyewe: kwamba vijana wa Shinyanga na Geita hawana moyo wa kazi, hawajui kutunza muda, hawawezi kushirikiana, na kwamba ndiyo maana dhahabu inaondoka na umaskini unabaki. Mwaka 2015 nchi nzima iliitikia kaulimbiu ya "Hapa Kazi Tu". Hatuna ugomvi na kazi. Tunauliza tu: kazi kwa mpango wa nani, na kwa hesabu ya nani?

Mtazameni mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa. Anashuka duarani na tochi aliyoinunua mwenyewe, hana mkataba wala mshahara. Mawe yakipatikana, mifuko inagawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, gharama za duara zinakatwa, na kinachosalia wanagawana waliochimba. Gharama hizo za mafuta ya jenereta, magogo ya matimba, chakula na pampu ya maji, nani aliziandika, na katika daftari gani? Aliye chini ya shimo hawezi wakati huohuo kusimama juu akihesabu mifuko. Mawe yasipopatikana kwa miezi mitatu, ametoa jasho la miezi mitatu bure. Mtu huyu akiliacha duara usiku na kukimbilia rashi mpya, tunasema hana uvumilivu. Akificha jiwe mfukoni, tunamwita mwizi. Wizi ni dhambi, wala hatuufuti. Lakini tabia mbaya ya kazi ina shule yake, na mwalimu mkuu wa shule hiyo ni yule anayelishika daftari peke yake.

Jambo hili si geni katika nchi ya Wasukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Walifanya nini? Walimweka mtu wao kando ya mizani, mtu waliyemchagua na kumlipa wenyewe, asome uzito kwa macho yake. Katika jambo hilo dogo ndimo ulimoanzia ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, hata mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Katika miaka hiyo mavuno ya pamba yaliongezeka sana. Hatusemi ni mizani peke yake iliyoyaongeza, kwa maana bei nayo ilikuwa na sehemu yake, na ardhi mpya ilikuwa bado ipo. Lakini watu walewale walioitwa wazembe walilima kwa bidii walipojua kwamba uzito wanaoandikiwa ndio uzito waliouleta.

Wazee wetu walikuwa na mfano wa zamani zaidi. Vijana wa kijiji waliolima mashamba kwa zamu, kwa ngoma na nyimbo za jembe, walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale. Alitoka miongoni mwao, na mwenye shamba hakumteua. Mchelewaji alitozwa na wenzake, nao walijua kabla ya kuinua jembe kwamba watakula nini na watalipwa nini. Leo yule anayeitwa msimamizi wa duara ni macho ya mwenye mtaji. Je, tunashangaa kwamba vijana wanafanya kazi akiwa anatazama tu?

Mtatuambia kwamba tangu mwaka 2019 kuna masoko ya madini, mizani iko wazi na bei inatangazwa. Ni kweli, na ni hatua njema. Lakini mizani ya soko hupima kile kilichokwisha kugawanywa mdomoni mwa shimo. Mtatuambia pia kwamba wenye maduara wengine nao ni maskini wenye madeni. Hilo nalo ni kweli, na hao ndio ambao daftari la wazi lingewasaidia kwanza, kwa sababu wachimbaji wakijua deni lilivyo hawatadhani kila siku kwamba wanaibiwa.

Sasa tuseme lililo zito zaidi. Januari 2024, huko Ng'alita, wilaya ya Bariadi, watu 22 walifariki baada ya kufukiwa katika kipindi cha mvua kubwa. Tarehe 11 Agosti 2025, watu 25 walifukiwa katika machimbo ya Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga. Hatumhukumu mtu juu ya ajali hizo. Tunasema tu kile tunachokisikia majumbani na kwenye misiba: kuna maduara ambako anayesema "matimba yamelegea, leo tusishuke" huitwa mwoga, na kesho yake nafasi yake ina mtu mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu kufanyishwa kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Lakini ni nani awezaye kuidai sheria hiyo, asiye na mkataba, saa tisa za usiku, kamba ikiwa mkononi? Papa Yohane Paulo II alifundisha mwaka 1981, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, kwamba kazi hutangulia mtaji. Katika maduara mengi yetu mtaji hutangulia hata uhai.

Nasi mapadre tusijifiche. Tumeitwa kubariki maduara, tukaenda na maji ya baraka, tukala pilau, tukapokea bahasha, bila kuuliza matimba yamefungwa na nani wala daftari liko wapi.

Kwa hiyo tunaiomba kila Kamati ya Haki na Amani ya kigango chenye machimbo iwatembelee wachimbaji siku ya mgao, iulize mambo matatu. Je, wana mtu wao, waliyemchagua wenyewe, anayehesabu mifuko juu ya shimo? Je, gharama husomwa mbele ya wote kabla ya kukatwa? Je, yupo aliyenyimwa fungu lake kwa sababu alikataa kushuka? Majibu yaletwe kwenye kikao cha halmashauri ya parokia kabla ya Kwaresima. Mpaka tuyasome, hatutapanga ratiba ya kubariki duara lolote.