Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi, TANAPA: Giza la Madete nalo lihifadhiwe

Ndugu Kamishna,

Sisi walimu kadhaa wa Dar es Salaam tunapanga kwenda na familia zetu kupiga kambi Saadani. Mahema, maji ya kunywa na mkaa tumeshagawana nani abebe nini. Lililobaki ni suala la taa, na ndilo linalonifanya nikuandikie hadharani.

Tangu Saadani iwe Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, Watanzania tuna mahali ambapo twiga na nyati wanaishi jirani na mawimbi ya Bahari ya Hindi, na viboko wako Mto Wami. Lakini hazina inayonigusa zaidi iko ufukwe wa Madete, wanakopanda kasa kutaga. Jike hujikokota usiku, akachimba shimo kwa mapezi ya nyuma, akataga mayai yapatayo 100, akafukia na kurudi majini. Akishtuliwa na kurunzi kabla hajaanza kutaga, mara nyingi hugeuka na mayai yake tumboni. Baada ya miezi miwili hivi, watoto huibuka mchangani, wakafuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni wa baharini. Taa kali ikiwaka kambini, huifuata hiyo. Wengine huliwa na kaa na ndege, wengine hukaushwa na jua la asubuhi.

Siombi ufukwe ufungwe. Mtoto aliyelala hifadhini ndiye atakayeitetea akiwa mtu mzima, na kwa familia nyingi hema ndilo malazi zinayoyamudu. Naomba kibali cha kambi ya ufukweni kiambatane na masharti mafupi, kwa Kiswahili, yasomwe langoni mbele ya kila kundi: moto uwashwe nyuma ya vichaka, jenereta lizimwe jua likizama, tochi ziwe za mwanga mwekundu, gari lisikanyage mchanga, na anayekuta nyayo za kasa amwite askari wa uhifadhi badala ya kuzifuata na simu.

Vilevile, vijana wa vijiji jirani wafunzwe na walipwe kuongoza wageni usiku. Wamekulia pwani hiyo. Maji kujaa na kupwa wanayajua bila kutazama saa.

Masharti haya tuko tayari kuyatii. Tunaomba uyatangaze kabla ya likizo ya Juni, magari ya shule na ya familia hayajaanza kumiminika.

Mwalimu na mpiga kambi,
Dar es Salaam